Vita vya Wakubwa, Mzigo wa Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Voi)



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya kitabu. Ni hadithi iliyoandikwa kwa Kijerumani na Alex Capus, mtu wa Uswisi, ikatolewa mwaka 2007. Ni ya kuchekesha, lakini kicheko chake kina uchungu, maana mambo yake mengi yalitokea kweli, tena katika nchi zetu hizi.

Mafundi watatu wa meli, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walitoka Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Meli yao, Graf Goetzen, ilikuwa imekwisha kuundwa, ikafunguliwa tena vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam ili ipelekwe Kigoma. Kazi yao ilikuwa kuiunga upya kando ya Ziwa Tanganyika. Wangali na nyundo mkononi, vita vikaja, mwaka 1914. Watu waliokuja kufanya kazi ya mikono wakajikuta vitani.

Waingereza nao walitaka kuwa na nguvu ziwani. Wakaleta mashua mbili ndogo za injini kutoka Uingereza hadi Cape Town, zikapakiwa kwenye gari la moshi, kisha zikavutwa na ng'ombe na matrekta ya mvuke juu ya milima ya Kongo. Afisa wao, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, majina ya kubembeleza paka na mbwa kwa Kifaransa, nao wakakubali! Fikirini, ndugu: watu wanatumwa kuvuka bahari na milima ili wakauane, na shauri la ofisini ni jina la paka. Nasi kwa lugha yetu twaiuliza mashua hiyo: Wewe Mimi, ni nani aliyekufyekea njia?

Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Goetzen kwa mikono yao wenyewe, isishikwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na mizigo kwa miaka mingi sana. Mkubwa aliamuru chombo kipotee, fundi akafikiria watakaokihitaji kesho.

Lakini hatuna haja ya kwenda mpaka Kigoma. Wazimu huo ulipita hapa hapa petu.

Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka hapa Voi, na kufika Juni ilikuwa Maktau. Wajerumani wakawa wanavuka nyika isiyo na maji, wengine wakifa kwa kiu njiani, waje kutega baruti chini ya Reli ya Uganda. Waingereza wakaweka mabehewa ya mchanga mbele ya injini, ili baruti ilipue mchanga. Wajerumani nao wakatengeneza baruti inayongoja ekseli kadhaa zipite kwanza. Wenye akili wa pande mbili walikaa wakihesabu ekseli. Dereva na fayamani waliokuwa juu ya injini hawakuulizwa neno.

Usiku wa tarehe 11 Machi 1916 walipigana kwenye vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta. Jenerali wa Kiingereza akaona ameshindwa, akaamuru watu warudi nyuma. Wajerumani nao wakaona wameshindwa, wakaondoka. Kulipokucha, kilima kilikuwa na askari wachache wa Afrika Kusini ambao amri ya kurudi haikuwafikia, pamoja na maiti. Huo ndio uliitwa ushindi.

Tena kuna jambo la Kasigau, ambalo halichekeshi hata kidogo. Mwaka 1915 Wajerumani walikipiga kituo cha Waingereza huko. Waingereza wakawashutumu wenyeji kuwa wamemsaidia adui, wakawahamisha kwa nguvu mpaka Malindi, wazee, wanawake na watoto. Wengi walikufa huko. Waliobaki walirudi Taita miaka mingi baadaye.

Sasa twafika kwenye neno letu. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kushurutishwa kuwa wachukuzi. Mshahara ulikuwa kama rupia 5 kwa mwezi. Wanahistoria wanakadiria kwamba wachukuzi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Tena mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao.  

Voi na Taveta yako makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, na mawe yana majina. Mchukuzi utamtafuta mpaka uchoke. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilitoa ripoti ikikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu. Mafundi watatu wa Papenburg wamepata majina yao kitabuni, nasi hatuwaonei kijicho. Walikuwa wafanyakazi kama sisi. Twataka na wetu waandikwe.

Kwa hiyo twaleta ombi. Tawi linunue daftari moja, liwekwe mezani kwa katibu. Kila mwanachama ambaye ukoo wake ulitoa mchukuzi, awe wa Taita, wa Ukambani, wa Nyanza au wa pwani, aje aandikishe jina, kijiji, mahali alipopelekwa, kama alirudi, na kama mshahara ulifika nyumbani. Wazee waliosikia habari hizi kwa baba zao wanapungua kila mwaka. Tusingoje mkutano ujao.

Chama chetu chajua jambo hili kuliko wengine: mshahara usioandikwa haudaiwi. Daftari likijaa, tutajua ni nani wa kumdai, na kwa majina ya nani.