Mbele ya kuweka prizi, tuangalie kontra

Bandugu na badada, bavijana ba Kolwezi,

Leo tunasema juu ya lupango za pembeni ya barabara, na vituo vya kuchajia pikipiki na magari ya umeme. Wengine bataseka: huku Manika umeme unakatika, nani ataleta hizo? Tangu 1982 laini ya Inga inafika hapa kwetu, karibu kilometa 1,700, na Nzilo na Nseke ziko hapa hapa kwenye Lualaba. Umeme uko, lakini unapita juu ya vichwa vyetu kwenda ku mines. Hiyo ni vita ingine, tutairudilia.

Lakini kobalti ya zile betri inatoka kwetu, na siku vituo vitakuja, vitatafuta udongo. Kasulo, mwaka 2017, tuliona ukuta unajengwa na jamaa zinahamishwa. Tusingojee tena kusoma karatasi kiisha kusainiwa.

Kijana mwenye anapanga mbele ya lupango ya mutu, anaweka kibanda cha kuchajisha simu, na kesho betri za pikipiki: huyu njo ninamufikiria sana. Sheria ya biashara ya OHADA, yenye inatumika kwetu tangu 2012, inamulinda. Kama amefanya kazi yake hapo miaka 2 kufuatana na kontra, ana haki ya kuongezewa. Hata kwa udongo mutupu, kama mwenyewe alijua kama unajenga. Mwenye lupango akikatala bila sababu yenye sheria inakubali, anapashwa kumulipa. Akiuzisha lupango, kontra haikufe.

Kuko mutego, kweli. Kama kontra iko na tarehe ya mwisho, lazima uombe kuongezewa angalau miezi 3 mbele ya ile tarehe, kwa uisiye ao barua yenye amekubali kuipokea kwa sahihi. Ukichelewa, haki inapotea. Na kontra ya mudomo? Sheria inaitambua, lakini mbele ya tribinali utaonyesha nini?

Bazazi benye lupango nao baulize: kompteri ya SNEL itaandikwa kwa jina la nani? Nani ataondoa nyaya na mashini siku kontra inaisha? Udongo ni wa Serikali, sheria ya 1973 inasema hivyo. Usipangishe kwa miaka mingi kuliko ile karatasi yako inakupa.

Kwa udongo wa Serikali, Rwanda ilitangaza mwaka 2021 kama vituo vya kuchajia vitapewa bila kodi. Huku kwetu tunaomba kitu kidogo zaidi: kabla ya kumupa kampuni yoyote kiwanja cha bote, Meri na Gavana babandike kontra ku mulango wa komini, Dilala na Manika, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Barua ya kuomba hivyo iko hapa ku meza. Munaweza kuja kutia sahihi.