Mbu Hazoei Sumu



Wengi mnauliza: mbona mbu hutua kwenye chandarua chenye dawa, akapumzika, kisha akaruka zake? Mitaani tunasema amezoea. Hapana, ndugu yangu. Wanaozidiwa na sumu hufa. Anayebaki ni yule aliyezaliwa tofauti, na ndiye anayetaga mayai.

Dawa ya chandarua, ya jamii ya pareto, hunasa kwenye vijilango vya neva za mbu na kuvizuia visifunge. Mbu hutetemeka, miguu inalegea, anaanguka chali. Lakini herufi moja tu ya vinasaba ikibadilika, kijilango hubadilika umbo na sumu hukosa pa kushika. Mbu wengine wana vimeng'enya vinavyoivunjavunja sumu kabla haijafika kwenye neva.

Wataalamu huupimaje usugu? Huweka mbu kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa kwa saa 1, huwahamisha, huwapa pamba yenye maji ya sukari, na kesho yake huhesabu waliokufa. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu upo.

Mwaka 2024 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitangaza kuwa badiliko la kijilango limeonekana kwa mara ya kwanza kwa mbu aina ya Anopheles funestus, hapahapa Tanzania, na limejaa zaidi Morogoro. La kushangaza, linamkinga mbu dhidi ya DDT, sumu ya kuua wadudu, wala si dhidi ya dawa ya chandarua. Karibu na mji wa Morogoro kulikuwa na shehena ya zamani ya DDT iliyochafua mazingira, na watafiti wanaishuku hiyo. Fikiria, sumu iliyotelekezwa tu!

Kwa hiyo wewe mkulima, bomba lako la mgongoni la kunyunyizia dawa ya wadudu usilisuuzie lamboni wala dimbwini. Humo mna viluwiluwi wa mbu, na watakaonusurika watarithisha usugu wao.

Na chandarua usikiache. Hata mbu sugu hapenyi matundu yake. Kama kimechanika, kishone leo kabla hujalala, na pindo ulichomeke chini ya godoro.