Kuhesabu Siku: Viza ya Schengen kwa Vikundi vya Sanaa Vinavyoalikwa Ulaya



Waandaaji wa mkutano huu waliniomba nizungumzie namna ya kupata viza. Nimewaomba radhi, na nimeibadilisha mada kidogo. Nimebeba mafaili ya vikundi vya ngoma, taarabu na dansi kwa miaka mingi, na naona tunaogopa vitu visivyo na madhara. Tunaogopa uso wa afisa dirishani, Kiingereza chetu cha kuungaunga, nguo ya kuvaa siku ya miadi. Wapo wanaopitia kwanza kusomewa dua, na sina ugomvi nao. Lakini wengi waliokwama mikononi mwangu walikwamishwa na kalenda. Walikosea kuhesabu, na mmoja wao ni mimi mwenyewe, nitawasimulia.

Schengen ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle. Huko, tarehe 14 Juni 1985, nchi tano zilitia saini ndani ya meli makubaliano ya kuondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao. Leo zimefika 29. Umoja wa Ulaya na Schengen si kitu kimoja: Ireland na Cyprus zimo kwenye Umoja lakini hazimo Schengen, Uswisi na Norway hazimo kwenye Umoja lakini zimo Schengen. Uingereza ina viza yake peke yake. Kwa msafiri, maana yake ni kwamba nchi hizo 29 ni nyumba moja. Ukitoka Ufaransa kwenda Ubelgiji umehama chumba tu, siku zako zinaendelea kuliwa.

Sasa tuangalie stika yenyewe. Nimewagawia nakala, jina na namba nimezifuta. Juu kuna tarehe mbili, ya kuanzia na ya mwisho. Hii inasema kuanzia 3 Juni hadi 29 Juni. Meneja yeyote akiiona anafurahi: karibu mwezi mzima! Shukeni chini kwenye kisanduku cha muda wa kukaa. Kimeandikwa 12. Kikundi hiki kiliomba kuingia tarehe 3 na kutoka tarehe 14, na siku 12 ndizo walizopewa. Zile 15 zilizoongezwa kwenye tarehe ya mwisho ni nafasi ya kupumua, ili ndege ikiahirishwa au tamasha likisogezwa msilazimike kuomba upya. Tarehe ni mfuko, siku ni pesa iliyomo ndani. Mfuko mkubwa hauongezi pesa. Nimeona kijana mpiga kinanda aliyebaki hadi tarehe ya mwisho ya stika yake, akitembelea binamu zake kwa amani kabisa, na akashangaa alipoambiwa uwanjani kwamba amezidisha siku 13.

Pembeni kuna kisanduku kingine chenye 01, 02 au MULT. Hiyo ni idadi ya mara unazoruhusiwa kuingia. Ukiwa na 01, ukitoka nje ya zile nchi 29, viza imekwisha, hata kama siku zimebaki.

Na siku inahesabiwaje? Siku ya kuingia ni siku nzima, na siku ya kutoka ni siku nzima. Ukiingia tarehe 3 saa tano usiku, tarehe 3 imeliwa. Hapa ndipo nilipoangukia. Tulikuwa watu saba, tiketi ya kurudi inaondoka 01:10 tarehe 15. Mimi nikasema kama tunavyosema wote: tunaondoka usiku wa tarehe 14, saa saba na dakika kumi. Kwenye fomu nikaandika kutoka tarehe 14. Wakatupa siku 12, sawasawa na tulivyoomba. Usiku ule tulikula, tukapiga picha, wengine wakanunua chokoleti za watoto. Tulipofika kwenye kibanda cha pasipoti ilikuwa saa sita na dakika tano. Kwa kompyuta ya afisa, ilikuwa tarehe 15, siku ya 13. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akatuita mmoja mmoja, akaandika. Tuliingia kwenye ndege tukihema. Lau tungepita kibandani saa tano usiku, tungegongewa mhuri wa tarehe 14 na hakuna ambaye angetuuliza kitu. Maombi yetu yaliyofuata yalihitaji barua ya maelezo ya kurasa mbili. Wazee wangu, ambao siku kwao huanza Magharibi, wasingekosea: usiku ule kwao ulikuwa wa tarehe 15 tangu jua lilipotua.

Kwa hiyo sheria ya ofisini kwangu siku hizi ni kwamba tiketi yoyote ya baada ya saa sita usiku inasomwa kwa sauti na watu wawili, na tunaandika "usiku wa kuamkia". Tunaomba siku kwa kufuata tarehe iliyo kwenye tiketi.

Mambo yanazidi kukaza. Tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza kutumia mfumo wa kuwasajili wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya mhuri, ukiingizwa mpaka kwa mpaka, na kukamilika kwake kulipangiwa 10 Aprili 2026. Mhuri uliofifia ulikuwa na huruma zake. Afisa aliyechoka aliruka ukurasa. Kompyuta haichoki.

Nije kwenye hesabu inayowachanganya hata mawakala: siku 90 ndani ya siku 180. Hii inawahusu zaidi wenye MULT ya mwaka mmoja au zaidi, na sasa tunao kadhaa, maana anayetumia viza tatu vizuri ndani ya miaka miwili anaweza kupewa ya mwaka mmoja, na baadaye ya miaka miwili, kisha mitano. Watu hudhani hesabu inaanza upya wakirudi nyumbani. Haianzi. Mfikirieni msafiri kama jahazi lenye kamba nyuma yenye urefu wa siku 180. Kila siku anayosogea mbele, mkia wa kamba nao unasogea siku moja. Siku zote za Ulaya zilizo juu ya kamba hiyo zinajumlishwa, na hazitakiwi kupita 90.

Chukueni mwimbaji aliyekaa Ujerumani kuanzia 1 Machi hadi 29 Aprili. Hizo ni siku 60. Anarudi Dar, anafanya harusi za Mei, halafu anaitwa tena, anaingia 1 Juni. Kichwani mwake ana siku 90 mpya. Kwa kweli ana 30. Tarehe 30 Juni kamba yake inafika nyuma hadi 2 Januari, kwa hiyo zile 60 za Machi na Aprili zote bado zimo: 60 na 30 ni 90. Akilala hadi 1 Julai, amezidisha. Na akitoka 30 Juni, lini tena anaweza kukanyaga? Siku ya kwanza ya Machi inadondoka kwenye kamba 28 Agosti. Kuanzia hapo anapata siku moja kila siku inayopita, kama mshahara wa kibarua. Umoja wa Ulaya umeweka kikokotoo cha bure kwenye intaneti, kitumieni, lakini fanyeni kwanza kwa kalamu, maana kikokotoo ukikilisha tarehe mbovu kitakujibu kwa heshima zote jibu bovu.

Upande wa kuomba, hesabu zinakwenda kinyumenyume. Maombi yanapokelewa miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi 45. Kwa hiyo anayepeleka faili siku ya 15 anacheza bahati nasibu kwa pesa ya kikundi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na wa chini ya miaka 6 halipi. Ukinyimwa hairudi. Alama za vidole zinatunzwa, na unaweza kuomba zitumike tena ndani ya miezi 59. Wapiga ngoma wangu vidole vimesuguka na ngozi ya ng'ombe, mashine inawakataa mara tatu nne, kwa hiyo huwa nawatanguliza kwenye foleni.

Pasipoti nayo ina hesabu zake: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai kwa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka, na kurasa mbili tupu. Pasipoti zetu za kielektroniki zilizinduliwa 31 Januari 2018 na zinadumu miaka kumi. Waliowahi mwanzo mwanzo, angalieni. Pasipoti inayoisha Februari 2028 haimpeleki mtu kwenye tamasha la Desemba 2027 bila maswali. Bima ya safari isipungue yuro 30,000, na ifunike kila siku mtakayokaa, kuanzia ya kuingia.

Muombe ubalozi gani? Ule wa nchi mnayokaa siku nyingi zaidi, au iliyo kiini cha safari. Zikilingana, nchi mnayoingilia kwanza. Kikundi kimoja kilialikwa na Wajerumani kwa siku nne, kikapata siku tatu Uholanzi na tano Ubelgiji. Mwaliko mnene ulikuwa wa Ujerumani, wakaenda Ujerumani, wakaelekezwa Ubelgiji, wiki tatu zikapotea. Na jueni kwamba viza ya muda mfupi haimaanishi ruhusa ya kulipwa ujira. Hilo ni la sheria ya kila nchi, na mwandaaji wa tamasha ndiye wa kuulizwa, kwa maandishi.

Kuhusu benki nitasema machache, kwa sababu kosa lenyewe kila mtu analijua na bado analifanya. Akaunti iliyolala miezi mitano ikaamka na milioni sita wiki ya miadi haimdanganyi yeyote. Pesa ya kuazima kwa ajili ya kuonyesha huonekana kwa tarehe yake. Tena kalenda. Ni afadhali akaunti yenye laki nane inayoingia na kutoka kila mwezi, pamoja na barua ya mwenyeji anayebeba gharama, leseni ya biashara ya mkeo au mumeo, mkataba wa pango, cheti cha usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Sababu ya kunyimwa tunayokutana nayo sana ni ile ya kutokuwa na hakika kwamba utarudi, na karatasi za maisha ya hapa ndizo zinazoijibu. Mkinyimwa mtapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama, na haki ya kukata rufaa. Isomeni. Na maombi yajayo msifiche kwamba mliwahi kunyimwa, mfumo wao unakumbuka kwa miaka mitano.

Kwa vikundi vyenye wapiga gitaa wa Kikongo, na viko vingi humu, mwenye pasipoti ya Kongo anaweza kudaiwa viza ya kupita uwanjani hata kama hatoki nje ya uwanja, anabadilisha ndege tu. Wasomali vilevile. Sisi wa pasipoti ya Tanzania hatumo kwenye orodha yao ya pamoja. Shirika la ndege litawakagua hapahapa Dar, kwa sababu likimpeleka abiria asiye na karatasi hutozwa faini na humrudisha kwa gharama yake.

Viza ni ruhusa ya kubisha hodi. Wa kusema karibu ni afisa wa mpakani, na ana haki ya kuuliza mwaliko, malazi, pesa, tiketi ya kurudi. Mwakani nikisikia tena meneja ameweka barua za mwaliko za watu wanane ndani ya begi lililoshushwa kwenye tumbo la ndege, nitaacha kazi hii.

Sasa toeni kalamu. Kikundi cha watu wanane kinaingia Uholanzi 28 Septemba. Tarehe 5 Oktoba kinavuka kwenda London kwa onyesho moja, viza ya Uingereza wanayo. Tarehe 7 Oktoba kinaingia Ubelgiji, na ndege ya kurudi Dar inaondoka saa sita na nusu usiku wa kuamkia 12 Oktoba. Stika zao za Schengen zinasema siku 14, kuingia 01. Mna dakika ishirini kabla ya chai. Niambieni wametumia siku ngapi, halafu mniambie watazuiwa wapi.