Kula na Kusema kwa Watoto Wetu Wadogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetupa kazi ya kusema juu ya watoto ambao hawajafika umri wa kwenda shule, hasa jinsi wanavyojifunza kula na kusema. Twajua ya kuwa wako watakaoona kwamba hili ni jambo la jikoni, lisilofaa mkutano uliokuja kusikiliza hesabu ya fedha. Lakini fedha za chama zimo ndani yake, kama tutakavyoonyesha kabla ya kuketi.

Kinywa ni kimoja. Midomo ile ile ishikayo titi la mama, na ulimi ule ule ugeuzao chakula, ndivyo vitakavyotamka maneno. Kwa hiyo mtoto asiyeweza kunyonya vema, au ambaye maziwa humtoka puani, au apaliwaye kila anywapo, ametuletea habari mapema sana. Huenda kaakaa lake lina ufa. Huenda ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa, na kinywa hakina nguvu. Habari hiyo yataka kufikishwa kwa daktari siku hizo hizo. Ufa wa kaakaa hushonwa, na kushonwa kabla mtoto hajaanza kusema humfaa kuliko kungojea awe mkubwa.

Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yamtosha peke yake. Baadaye huongezewa chakula laini, na afikapo miezi 8 au 9 apewe chakula chenye vidonge laini, kama viazi au maharagwe yaliyopondwa kidogo, hata atimizapo mwaka ale wanachokula wenzake nyumbani. Mjini twaona watoto wa miaka 2 wakinyonya uji mwepesi kwa chupa, kwa sababu mama yuko kazini na yaya hana nafasi. Mtoto wa namna hiyo akipewa cha kutafuna hukitema, kisha husemwa kuwa ni mkaidi. Naye amlazaye mtoto chali, akamziba pua na kummiminia uji, na ajue kwamba uji huo waweza kuingia mapafuni ukaleta nimonia. Mtoto hulishwa akiwa ameketi, kwa subira, naye huachwa aguse chakula na kujichafua.

Hapa twaomba radhi kwa wazee wetu. Katika sehemu nyingi za nchi hii watoto wadogo wamenyimwa mayai kwa kusadiki kwamba ayalaye atachelewa kusema. Yai halifungi ulimi. Ni chakula bora cha kujenga mwili na ubongo, nalo likipikwa likaiva laweza kupewa mtoto aliyepita miezi 6. Hatujui ni nani aliyeanzisha mwiko huu, ila twaona kwamba kuku ni wa mama na yai huliwa na baba.

Jambo zito zaidi ni kisu. Mtoto akikohoa sana, akikataa titi, au akichelewa kusema, wako wanaompeleka kwa mtu akatwe kimio, yaani kile kinyama kining'iniacho nyuma ya kinywa. Wengine hutoboa ufizi wa mtoto mchanga kwa sindano au spoku ya baiskeli, ili kutoa kile wakiitacho meno mabaya, kumbe ni chonge zake ambazo hazijaota. Watoto wamepoteza damu nyingi kwa ajili ya mambo haya, wameambukizwa pepopunda, na wengine wamekufa. Wala kimio si chanzo cha kuchelewa kusema. Twasema bila kuficha: desturi hii iachwe, na mzee atakayeikataza nyumbani mwake atakuwa ameokoa wajukuu.

Basi chanzo kitafutwe wapi? Kwanza masikioni. Mtoto asiyesikia hulia na kuguna kama wenzake katika miezi ya kwanza, hata mama asishuku lolote. Kuangusha sufuria nyuma yake si kipimo cha kutegemea, kwa kuwa huenda akahisi mtikisiko wa sakafu. Afadhali tuangalie umri. Karibu miezi 7 mtoto huanza kurudiarudia sauti kama "ba-ba-ba". Karibu na mwaka mmoja hugeuka aitwapo jina na kutamka neno la kwanza. Akiwa na miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Asiyefanya hivyo apimwe, hasa ikiwa aliugua homa ya uti wa mgongo, au manjano makali alipozaliwa, au sikio lake hutoa usaha. Mafuta yasitiwe katika sikio hilo.

Ziko njia za kumsaidia. Shule za kwanza za viziwi katika Kenya zilifunguliwa Nyang'oma na Mumias mwaka 1961. Tangu 1984 vimekuwapo vituo vya serikali vya kuchunguza watoto wenye ulemavu, ili kuwaelekeza wazazi mahali panapofaa. Na Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Mtoto kiziwi aanzaye ishara mapema ana lugha kamili, wala haifai kumficha chumbani wageni wajapo.

Kwa mtoto asikiaye, dawa ni kusemeshwa. Mama amwogeshapo ataje mkono, mguu, maji. Mtoto akiguna, amngojee, kisha amjibu kana kwamba amesema. Nyanya anayeimba na kutega vitendawili anafanya kazi ambayo redio na simu haziwezi, kwa maana hizo hazingoji jibu. Wazazi wengi wa mjini wameacha lugha ya nyumbani wakihofu kwamba lugha mbili zitamchanganya mtoto. Hofu hiyo haina msingi: lugha mbili hazimcheleweshi. Tena mzazi husema kwa wingi katika lugha aliyolelewa nayo, na wingi huo ndio unaotakiwa.

Sasa tufike kwenye fedha. Mwanachama afapo, chama hiki hukusanya gharama za mazishi upesi, nasi twajivunia hilo. Lakini hakuna kifungu kinachoruhusu kutoa nauli ya mama mwenye mtoto asiyesikia au asiyeweza kumeza, na nauli hiyo ni ndogo kuliko bei ya jeneza. Kwa hiyo twapendekeza kwamba Katibu wa kila tawi aandike majina ya watoto hao kwa siri, pamoja na idhini ya wazazi, na kwamba Mweka Hazina aruhusiwe kulipa nauli ya kwenda na kurudi kwa uchunguzi wa kwanza. Pendekezo limebandikwa mlangoni, nalo litapigiwa kura mara hesabu zitakapokwisha kusomwa.