Watoto Wetu Chuoni na Marafiki Wao
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Matete)

Leo tumeombwa tuongee juu ya urafiki wa vijana walio vyuoni, na tunaona wengine wameshainamisha vichwa. Kwetu mambo haya huachiwa shangazi na nyanya. Lakini nyanya yuko hapa Matete, na msichana amepanga chumba kule Kakamega karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, au Kibabii upande wa Bungoma. Nani atamwambia?

Sisi wa vikundi tunachanga karo vizuri sana. Tunauza kuku, tunakopa kwa chama, mtoto anaripoti. Halafu tunanyamaza. Karo haipiki ugali, na pesa za HELB mara nyingi huchelewa. Hapo anatokea rafiki, leo ananunua unga, kesho analipa kodi ya nyumba, mwezi ujao wanaishi pamoja. Njoo-tukae nyingi hazianzi na mapenzi, zinaanza na njaa. Kwa hivyo kabla ya kumlaumu mtoto, tutazame gunia. Ukimtumia debe la mahindi na maharagwe, umempa nguvu ya kusema hapana. Mvulana naye atumiwe. Yeye ndiye huombwa pesa asizokuwa nazo.

Waambieni pia kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe, hata zile za kimila. Kulala chumba kimoja hakumpi mtu cheti. Na waulizane ukoo mapema! Wengine wanapendana miaka miwili, siku ya kuja kwa wazazi ndipo wanagundua mama zao ni wa ukoo mmoja.

Akilazimishwa na mtu, asioge, aende hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Mtoto anayeogopa baba yake atapoteza saa hizo akilia chumbani.

Na akipata mimba? Mzee, usimfukuze. Vyuo huruhusu mwanafunzi kuahirisha masomo, lakini aombe kwa barua, asitoweke tu darasani. Kikundi kinaweza kumsaidia kuiandika.

Sasa tupokee maswali. Wazee wanaoona haya waandike kwa karatasi, mama katibu atazikusanya.