Mume na Mke Watembeapo Nchi Yao: Mazungumzo kwa Watu wa Nyakoe

Kule Uingereza iko desturi ambayo yafaa kuangaliwa. Mume na mke wapatapo siku chache za mapumziko, hufunga mizigo yao, wakaenda kuitazama nchi yao wenyewe. Hupita mashambani penye kuta za mawe na nyumba zilizoezekwa kwa manyasi, wakafika miji ya kale kama vile Bath, York na Stratford-upon-Avon. Katika mji huu wa mwisho huonyeshwa nyumba ambamo yasemwa Shakespeare alizaliwa mwaka 1564. Mwaka 1847 nyumba hiyo iliuzwa mnadani, na watu wakachanga fedha wakainunua, isije ikapotea. Leo wageni huingia kwa kulipa, na malipo yao husaidia kuitunza.

Yumkini mtu atasema, “Hayo ni mambo ya nchi yenye habari za kale.” Habari za kale zipo hapa pia, tena karibu. Chukueni mfano wa mume na mke wakaao Nyakoe, waliokwisha kuuza ndizi zao, nao wana siku nne za nafasi.

SIKU YA KWANZA: MANGA

Waelekee ukingo wa Manga, katika Kaunti ya Nyamira. Siku isiyo na ukungu, mtu asimamaye juu huiona nchi ya chini ikienda mpaka Ziwa Victoria. Waende asubuhi, kwa maana mvua ya Kisii hupenda kunyesha alasiri. Hapo Manga pana Ngoro ya Mwaga, shimo lenye heshima kubwa katika mapokeo ya Wagusii. Wamtafute mzee wa mahali hapo awaeleze, wala wasiandike majina yao mwambani.

SIKU YA PILI: MJI WA KISII

Serikali ya Kiingereza ilijenga kituo hapo mwaka 1907, na wenyeji wakapaita Bosongo, yaani kwa wazungu. Januari 1908 kijana Otenyo, akihimizwa na nabii mwanamke Moraa, alimchoma mkuki mtawala Northcote. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Otenyo alikamatwa akauawa. Askari wakachoma nyumba na kuchukua ng’ombe wengi. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani wakapigana papo hapo. Kila siku watu wengi hupita njia za mji huo wakiuza na kununua, wala hawajui wanakanyaga wapi.

SIKU YA TATU: TABAKA

Jiwe laini la Tabaka limebeba jina la Kisii mpaka nchi za mbali. Sanamu ya Elkana Ong’esa, mchongaji mwenyeji wa Tabaka, iliwekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Hapa ndipo ionekanapo faida ya mume kusafiri pamoja na mkewe. Mume atasimama machimboni, aulize jinsi jiwe linavyochimbwa na kuchongwa likiwa bado bichi. Mke ataketi na akina mama wenye karai la maji na msasa, maana kazi ya kusugua mpaka jiwe ling’ae mara nyingi huwa mikononi mwao. Jioni kila mmoja atakuwa na jambo la kumweleza mwenziwe. Wakinunua kikombe au bakuli, wanunue kwa mchongaji mwenyewe, wala wasimbane mno katika bei, kwani fedha yote itabaki kwake.

SIKU YA NNE: THIMLICH OHINGA

Wavuke sasa mpaka Kaunti ya Migori, kwa jirani zao Wajaluo. Huko ziko kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala saruji, jiwe juu ya jiwe, nazo zimesimama tangu karne ya 16 kwa kadiri ya hesabu za wataalamu. Mahali pengine kimo chake hupita mita 4. Ndani ya kuta hizo watu na mifugo walikaa salama. Mwingereza huzisifu kuta za mashamba yake kwa ufundi uo huo wa kupanga mawe makavu. Mwaka 2018 UNESCO iliandika Thimlich Ohinga katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Lakini orodha pekee haiwezi kulinda ukuta. Jiwe moja likichukuliwa kujengea jiko, na la pili kuwekea mlango, baada ya miaka michache hapatakuwa na la kuonyesha. Wazee nao ni vivyo hivyo: mzee azikwapo bila kuulizwa, habari alizozijua huzikwa pamoja naye. Mgeni afikaye, akauliza kwa adabu na kulipa kiingilio chake, huwapa wenyeji sababu ya kuyatunza yaliyo yao.

Basi, Mabwana na Mabibi, safari hii haihitaji ndege. Yahitaji nauli ya matatu, viatu imara, daftari ndogo na saburi. Wenye watoto wakubwa wawachukue, ili watoto hao wayaone mahali hapo wenyewe kabla ya kusoma habari za York na Bath vitabuni. Anayeanza na aanze na Manga, kwa kuwa ndipo karibu.