Mchezo wa Krokei kwa Mtu Anayeujaribu Mara ya Kwanza



Watu wa Kinoru hawahitaji kufundishwa kupenda michezo. Uwanja wao wa Meru wajulikana mbali kwa ajili ya mpira wa miguu. Lakini mpira wa miguu ni mchezo wa vijana. Mtu akipata umri wa miaka arobaini, magoti huanza kulalamika, naye hukaa pembeni kuwa mtazamaji siku zake zote. Mazungumzo haya yahusu mchezo usiomtoa mtu huyo uwanjani, nao huitwa krokei.

Wako watakaosema ya kuwa huo ni mchezo wa Wazungu. Neno hilo lina sababu yake. Wakati wa ukoloni klabu nyingi za michezo katika Kenya zilikuwa za Wazungu peke yao. Mwafrika aliingia humo kukata majani na kuchukua vyombo, lakini kucheza hakuruhusiwa. Mambo hayo yamepita, walakini kumbukumbu yake haijaisha, na watu kadha wa kadha hata leo huona haya kugusa mchezo ambao baba zao waliutazama kwa mbali. Yafaa basi waelezwe jinsi ulivyo.

Iko namna zaidi ya moja ya kucheza krokei. Iliyo rahisi kwa mgeni huitwa krokei ya gofu. Uwanja kamili una urefu wa yadi 35 na upana wa yadi 28, yaani mita 32 kwa karibu 26, nao huwa na majani yaliyokatwa mafupi sana. Husimamishwa matao sita ya chuma, na kigingi kimoja katikati. Matufe ni manne: la buluu na jeusi ni ya upande mmoja, jekundu na la manjano ni ya upande wa pili. Kila tufe lina uzito wa gramu 454, na hupigwa kwa nyundo ya mti yenye mpini mrefu. Wachezaji hupiga kwa zamu, pigo moja moja. Wote hugombea tao lile lile; tufe la kwanza kupita hupatia upande wake pointi moja, kisha wote huendea tao linalofuata. Upande unaotangulia kupata pointi saba ndio mshindi.

Mtu ajaribuye mara ya kwanza aghalabu hukosa kwa njia mbili. Kwanza, hupiga kwa nguvu za mikono kama apasuaye kuni, na tufe hukimbia mpaka nje ya mpaka. Nyundo yataka kuachwa ipembee yenyewe katikati ya miguu, mithili ya jiwe lililofungwa kwenye kamba, huku macho yakibaki juu ya tufe mpaka lipigwe. Pili, hulilenga tao kutoka ubavuni. Tao halizidi upana wa tufe ila kwa milimita chache tu. Tufe lijalo kwa mshazari hugonga chuma na kurudi. Heri kutumia pigo moja kulisogeza tufe mbele ya tao, ndipo lipitishwe kwa pigo la pili. Haraka haraka haina baraka.

Akishazoea hayo, atatambua ya kwamba mchezo huu una undugu na bao. Mchezaji wa bao hatazami kete zake tu, huzitazama na za mwenziwe. Vivyo hivyo katika krokei yaruhusiwa kuligonga tufe la mpinzani na kulifukuza mbali na tao. Hapo mzee mwenye akili aweza kumshinda kijana mwenye misuli, na mke kumshinda mumewe. Katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900, ambayo ndiyo ya kwanza kuwapokea wanawake, wako waliocheza krokei.

Mfano ulio bora watoka Misri. Mjini Cairo iko klabu ya Gezira, iliyoanzishwa mwaka 1882 kwa ajili ya maofisa wa jeshi la Uingereza. Wamisri walijifunza krokei, wakaipenda, wakaifanya yao. Mashindano ya kwanza ya dunia ya krokei ya gofu yalipofanywa mwaka 1996, mshindi alikuwa Khaled Younis wa Misri; na baada yake Salah Hassan, naye Mmisri, akatwaa ubingwa. Hivyo mchezo uliopandwa na watawala uliwapa wananchi mabingwa wa dunia.

Basi klabu itakayo kujaribu isiogope gharama. Uwanja mdogo watosha kwa kujifunzia. Seremala aweza kuchonga nyundo, na fundi wa chuma aweza kukunja matao. Majani nayo yapo: yale ya nyanda za juu za Kenya yaitwayo kikuyu yamepelekwa hata Australia na Afrika ya Kusini, na huko hupandwa katika viwanja vya michezo. Litakalokuwa gumu ni kumshawishi mzee wa kwanza ashike nyundo mbele ya watu. Wenziwe wasimcheke. Akikosa tao mara tano na kulipata mara ya sita, wengine watamfuata.